Mizani ya Pamba na Waragi ya Kwanza

Wiki yangu ya mwisho gerejini niliwakuta nyinyi vijana mmeizunguka simu ya Opio, mnabishana mpaka chai imepoa. Mmoja anasema gari la mashindano ambalo halijapimwa kwenye daino, ile mashine ya kupima nguvu ya injini, ni kelele tupu. Mwingine anaapa kwamba ethanoli ndiyo mafuta ya wanaume: inaongeza nguvu, inapoza injini, haina mfano. Mliponiona mkaniuliza kwa upole, ule upole wa kumvusha mzee barabara, "Mzee Yusufu, unajua daino ni nini?" Nikasema najua kidogo, nikaenda zangu kunawa mikono.

Sasa nimestaafu, nina nafasi, na goti langu halitaki mambo mengi zaidi ya kukaa. Nimeona niwaandikie habari za hicho kidogo. Sitaandika nilianza na mshahara gani wala lini nilipewa ukubwa wa gereji, maana mambo hayo hayajawahi kumsaidia mtu kufungua nati iliyoshika kutu. Nitaandika juu ya gari moja, waragi, na mtu aliyenifundisha kazi.

Niliingia gereji hii ya Tororo nikiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto. Kabla ya hapo nilikuwa mtia mafuta kwenye injini ya kiwanda cha kuchambua pamba huko kwetu Masinya. Wanajeshi walipochukua nchi na Wahindi wenye viwanda wakaambiwa wafunge virago, kiwanda kikasinzia, kisha kikalala kabisa. Mwenyewe hakuwa na muda wa kuaga watu. Alinipa mkononi mizani moja ya kupimia pamba, ile ya kuning'inia yenye springi ndani na uso kama wa saa, akapanda gari akaenda. Mke wangu akauliza tutapima nini na mizani ile. Nikamwambia tutapima njaa.

Gereji nayo ilikuwa imeachwa hivyo hivyo. Ilikuwa ya Mzee Kanti, Mhindi mzaliwa wa Tororo, mgonjwa wa mashindano ya magari. Alipoondoka alimwachia ufunguo fundi wake mkuu, Bwana Swalehe. Serikali ikampa gereji mtu mwingine, ambaye alikuja siku moja, akauza winchi, hakuonekana tena. Basi tukawa na gereji isiyo na winchi wala mwenyewe, na kazi ikaendelea vizuri tu.

Bwana Swalehe alikuwa mtu wa mjini, wa zile familia za Kiislamu zilizofika na misafara ya babu zao zikabaki kwenye biashara ya malori. Mrefu, mwembamba, bahili wa maneno. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza nilisoma wapi. Alitoa plagi kwenye injini ya lori, akanipa, akasema, "Inasema nini?" Nikaitazama. Nikasema ni nyeusi. "Weusi ni rangi. Nimekuuliza inasema nini." Nilisimama na ile plagi mpaka jasho likanitoka, na yeye akaendelea kufunga breki kana kwamba sipo. Mwishowe nikasema labda injini inakula mafuta mengi kuliko hewa. Akaichukua plagi yake. "Kesho njoo mapema," akasema, na hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Alinifundisha kwamba plagi ni ulimi wa injini. Daktari anakwambia toa ulimi kabla hajagusa kitu kingine. Fundi naye atoe plagi kwanza. Nyinyi mnachomeka kompyuta, sawa, kompyuta nayo inasoma ulimi huo huo. Alinifundisha pia desturi ya Mzee Kanti, kwamba gari likitoka kwa majaribio, mkuu wa gereji anakaa kiti cha mbele pembeni ya dereva. Kama umelifunga vizuri, panda. Kama unaogopa kupanda, lirudishe ndani ulifungue tena. Nimeona mafundi wengi wakiwa wakali na hodari mpaka waambiwe wapande.

Daino yetu ilitokana na ile mizani ya pamba. Tuliliinua gari nyuma juu ya magogo, tukatoa tairi moja, tukafunga mahali pake kapi la chuma kutoka kiwandani. Tairi la upande wa pili tulilifunga lisizunguke, na hapo nguvu yote ya injini huja kwenye kapi. Kwenye kapi tukazungusha kamba nene ya katani. Ncha moja tuliifunga kwenye mizani iliyotundikwa kwenye boriti, ncha ya pili mtu aliivuta taratibu kwa kuongeza mawe kwenye karai lililoning'inizwa hapo. Kamba ikikaza inajaribu kulizuia kapi, injini inakataa kuzuiwa, na ule ugomvi unausoma kwenye mizani. Mmoja wetu alikuwa akimwagia maji kapi lisiunguze kamba. Hatukujua nguvu za farasi ni ngapi. Tulichojua ni kwamba leo limevuta kuliko jana, na kwa fundi hilo linatosha.

Kisha ukaja wakati wa kukosa. Sukari hakuna, sabuni hakuna, petroli hakuna. Petroli iliyokuwepo ilivuka mpaka kwa magendo kutoka Kenya, kwenye jerikeni zilizofungwa nyuma ya baiskeli, na kila mkono uliopitia uliipunguza kidogo na kujazia mafuta ya taa. Gari la kawaida liliyavumilia mafuta hayo kwa manung'uniko. Lakini injini ya mashindano inabana mafuta kwa nguvu sana kabla ya kuyawasha, na mafuta mabovu hayasubiri amri. Yanalipuka mapema, pistoni bado inapanda. Utasikia kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Ukipuuza sauti hiyo, pistoni inatoboka.

Gari la mashindano lililobaki Tororo lilikuwa moja tu, Datsun nyekundu ya Mzee Kanti, na lilikuwa limechukuliwa na kapteni mmoja wa kambi. Kapteni yule alikuwa kijana wa kutoka mbali, mwenye miwani myeusi na haraka ya kila kitu. Tulilifunga vizuri, akalichukua, akaenda nalo mbio barabara ya Nagongera kwa mafuta yake mwenyewe. Lilirudi likivutwa na trekta.

Alishuka kwenye trekta ameshika bastola, hajaielekeza kwa mtu, ameishika tu kama mtu anavyoshika fimbo ya kutembelea. "Nyinyi nataka kuua mimi," akasema. "Hii ni hujuma."

Bwana Swalehe alikuwa amekwisha toa plagi. "Afande, pistoni ya tatu imetoboka. Ni mafuta. Yana mafuta ya taa ndani."

"Mafuta ni ya jeshi! Wewe nasema jeshi naiba?"

Bwana Swalehe akaifuta plagi kwa kitambaa. Kapteni akaninyooshea mkono mimi. "Wewe natengeneza. Mzee nakaa na mimi kule kambini. Gari natembea mbio, mpaka Busia bila kusimama, mzee natoka. Gari hapana tembea..." Akavaa miwani yake. Walimpandisha Bwana Swalehe kwenye gari la jeshi akiwa na kandambili zake za kazini. Hakuniambia lolote isipokuwa, "Soma plagi."

Watu waliokuwa wakichukuliwa siku zile wengi hawakurudi, na kila mtu mjini alijua. Mchana ule mke wa Bwana Swalehe, Bi Zaina, alikuja na chakula kwenye bakuli kama kila siku, akakuta gari jekundu na mimi. Nikamweleza. Hakupiga kelele. Alifunika bakuli vizuri, akasema, "Basi nitakipeleka huko," akatoka kuelekea kambini kwa miguu. Walinzi walikipokea chakula, mzee hakuonyeshwa. Akawa anakipeleka kila siku, nao wanarudisha bakuli tupu, na ilikuwa haijulikani nani anakula.

Pistoni nilizipata stoo, akiba ya Mzee Kanti, zimefungwa kwenye gazeti na grisi. Kufunga injini hakukunishinda. Nililiweka gari juu ya magogo, nikaweka petroli aliyoacha Kapteni, nikakaza kamba. Sindano ya mizani ikapanda kidogo, misumari ikaanza kutikisika kwenye kopo, nikazima haraka. Niliona wazi kwamba naweza kulifunga gari lile mara mia, na kwa mafuta yale litatoboka mara mia, na kila mara Bwana Swalehe atakuwa bado yupo kambini.

Hapo nikakumbuka maneno ya Mzee Kanti, ambayo Bwana Swalehe alipenda kuyarudia, kwamba huko ng'ambo magari ya mbio hunyweshwa pombe kali, kwa kuwa pombe haina papara, hungoja cheche. Pombe kali nilijua pa kuipata. Dada wa mke wangu, Mama Nekesa, alikuwa mpikaji wa waragi kule Masinya, na wanywaji wa pande zote mbili za mpaka walilitaja jina lake kwa heshima ambayo hawakuwapa wachungaji wao. Nilimtumia ujumbe. Akaleta jerikeni nyuma ya baiskeli ya kukodi, amejifunika kanga, anajivuna.

"Mulamwa," akaniita, yaani shemeji, "hii ni ile yenyewe ya katikati, tamu. Hata harusi yangu sikuweka hivi."

Nilichanganya na petroli kwenye chupa nyeupe, nikatikisa, nikaiweka juani. Ndani ya muda mfupi vilikuwa vimegawanyika, petroli juu, chini kuna maji maji yenye ukungu. Nilijaribu vivyo hivyo kwenye gari. Likakohoa, likapiga mruko mmoja, likazima, na gereji nzima ikanukia ndizi mbivu. Siku ile msikitini jirani yangu kwenye safu alinigeukia, akavuta pumzi, akasogea pembeni.

Nilimwambia Mama Nekesa nataka kali zaidi. Akaniuliza kali kiasi gani. Nikasema ile ya kwanza kabisa inayotoka kwenye mrija, kabla ya ile tamu. Uso wake ukabadilika. Wapikaji wa waragi wana aibu ya ile ya kwanza. Inaumiza kichwa, inaharibu macho, na mpikaji mwenye heshima huimwaga au huwapaka wazee miguuni. Kumuuzia mtu ile ya kwanza ni kumtukana, na kumpa ndugu yako ni zaidi ya tusi. Alikuwa ameniletea kilicho bora, kama inavyotakiwa, na kilicho bora ndicho kilichozima injini.

"Mulamwa, wewe nataka mimi naua mtu?"

"Hanywi mtu. Inakunywa injini."

"Injini ya nani?"

"Ya Kapteni."

"Na yeye akionja?"

"Hataonja."

"Wanajeshi wote naonja," akasema, na alisema kweli. Lakini nilipomwambia Bwana Swalehe yuko wapi, alijifunga kanga upya, akapanda baiskeli. Aliirudisha ile ya kwanza kwenye chungu, akaipika tena, na ya kwanza ya hiyo akaipika tena. Aliyoleta safari hiyo ukimwaga kidogo kwenye kijiko na kuwasha, iliwaka samawati mpaka karibu yote ikaisha. Karibu yote. Kijiko kilibaki na unyevu, na unyevu ule ndio ulionitesa, kwa sababu pombe na maji ni marafiki wa tangu utoto na mapishi peke yake hayawaachanishi.

Bi Zaina alinikuta nimekaa mbele ya kile kijiko. Alikuwa ametoka kambini na bakuli lake. "Kuna nini, Baba Hadija?"

"Maji, Bi Zaina. Yanakataa kutoka kwenye waragi."

Aliangalia kijiko, akasema kama mtu anayezungumzia mboga, "Itie chokaa." Baba yake alikuwa mchoma chokaa hapa Tororo, kule kwenye mawe. Alikua akikatazwa kucheza karibu na chokaa iliyotoka tanuruni, kwa kuwa ikiona maji, hata jasho la mkono, huyanywa na kuchemka. "Ile haina adabu na maji," akasema. "Ipe hiyo, itayanywa yote."

Akaniletea mwenyewe, mabonge makavu kwenye debe lenye kifuniko. Tuliyatia kwenye pipa la chuma nje, mbali na moto, tukamimina waragi juu yake. Pipa likapata joto mkononi. Tuliliacha likatulia, tukachuja juu juu kwa kitambaa safi. Msijaribu hivi nyumbani. Mimi nilikuwa na sababu, nyinyi mna duka. Nilichanganya na petroli kwenye ile chupa nyeupe. Nikaiweka juani, tukakaa mimi na Bi Zaina tunaiangalia kama watu wanaolinda maziwa yasifurike. Haikugawanyika.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya fundi. Pombe ina nguvu ndogo kwa kila tone, hivyo injini inahitaji kunywa zaidi. Nilipanua jeti za kabureta, vile vitundu vya shaba vinavyopimia mafuta, kwa msumari mwembamba uliosagwa, polepole, nikitoa plagi na kusoma kila mara. Nyeupe mno, panua. Nyeusi, nimezidisha. Kahawia, hapo ndipo. Nikasogeza muda wa cheche mbele. Kisha nikakaza kamba, vijana wa mtaani wakaongeza mawe kwenye karai. Sindano ilipanda, ikafika pale ilipokuwa ikikwama, ikapita. Kamba ikatoa moshi. Nilikuwa nimetega sikio nikingoja misumari na haikuja, ilikuja sauti nzito iliyotulia, ya injini iliyoshiba. Nilizima, nikakaa chini sakafuni nikacheka peke yangu. Katika miaka yote niliyofanya kazi sijapata tena furaha ya namna ile, na nimefunga injini nyingi nzuri.

Kapteni alikuja asubuhi iliyofuata na askari mmoja tu. Alikuwa amepungua. Hakukaa mahali, alikuwa akitazama barabarani kila gari lilipopita. Aliliwasha Datsun, akakanyaga, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatabasamu. "Hii nafika Busia?"

"Inafika, afande."

"Mbio?"

"Mbio. Lakini bado halijatoka gereji."

Akaniangalia. Nikamwambia desturi ya mahali hapa. Gari la mashindano halitoki kwa majaribio bila mkuu wa gereji kukaa kiti cha mbele. Si yangu, ni ya gereji, tangu mwenye gari wa kwanza. "Mkuu ni Bwana Swalehe. Likizima njiani yeye ndiye anayelijua. Mimi ninaweza kulifunga tu."

Nilingoja kofi, au zaidi ya kofi. Kapteni alitazama barabara, akatazama injini. "Likizima njiani," akarudia taratibu. Kisha akamgeukia askari. "Wewe nakwenda kuleta ule mzee. Sasa hivi. Hapana sema na mtu."

Walimleta. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo, zile kandambili bado miguuni. Bi Zaina alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. Hawakuruhusiwa kusemezana, aliliinua bakuli kidogo tu, kama kumwonyesha. Bwana Swalehe aliitikia kwa kichwa, akaenda kwenye injini, akainama, akanusa. Akanitazama kwa jicho moja. "Umepanua?"

"Nimepanua."

"Plagi?"

"Kahawia."

Akazunguka akapanda kiti cha mbele. Kapteni akamwambia yule askari arudi kambini kwa miguu, akaondoka na gari kwa kasi iliyotumwagia kokoto.

Tuliwangoja mpaka mchana, tukawangoja mpaka alasiri. Muda mfupi tu baada yao ilikuwa imepita Peugeot ya wale watu wa usalama wasiovaa sare, wale ambao hatukuwataja majina hata chumbani, inakimbilia njia ile ile. Nayo haikurudi siku ile.

Peugeot ilirudi kesho yake, ikivutwa na ng'ombe wa mtu. Wale wanaume walishuka wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Walisema kwa kifupi gari limekufa njiani, karibu na Tiira, kule wanakochimba dhahabu, nilitengeneze. Nikatoa plagi. Pistoni ilikuwa imetoboka, tundu kama lile la Datsun. Mafuta ya jeshi. Hawakusema walikuwa wakimfukuza nani, nami sikuuliza. Mmoja aliniuliza kama najua Kapteni amekwenda wapi, nikasema nilisikia Busia, jambo ambalo alilijua kuliko mimi. Kisha akaniuliza gari lao litachukua muda gani. Nilipiga hesabu kwamba nitakuwa salama kwa muda wote ambao gari lile litakuwa bovu, kwa hiyo sikuharakisha.

Mjini habari ilikuwa moja. Kapteni alikuwa ametafutwa na wakubwa wake, alijaribu kutoroka, wamepigwa risasi wote wawili na kutupwa kwenye mashimo ya dhahabu. Mtu fulani alikuwa na shemeji yake aliyeona kandambili. Wanawake wakaja kwa Bi Zaina na mikeka, tayari kwa matanga. Akawapa chai, akawaambia warudi na mikeka yao. "Sijaona maiti," akasema. Hakulia. Aliendelea kupika kwa watu wawili, na chakula cha pili alikuwa akiniletea mimi gerejini. Nilikila kwa shida sana.

Aliyeleta habari nyingine ni Mama Nekesa. Alikuwa amevuka kupeleka mzigo wake upande wa Kenya kama kawaida. Alikuja gerejini mbio, wale watu wa Peugeot wapo kwenye benchi nje, akajifanya ameniletea viazi.

"Mulamwa, kule Busia ya Kenya iko mzee moja kwa gereji," akaninong'oneza. "Nimepita na jerikeni, yeye nanusa, nasema, 'Dada, umepunguza makali.' Mimi nauliza wewe ni nani? Yeye nasema, mwambie Yusufu ya tatu ilikuwa nagonga kidogo kwa mlima."

Katika dunia nzima ni mtu mmoja tu ambaye angetoroka na roho yake mkononi, huku anafukuzwa, akasikiliza silinda ya tatu.

Kuvuka hakukuwa na shida, kwa sababu wale wanaume wenyewe waliniandikia ruhusa. Pistoni za Peugeot hazikuwepo Tororo, ilibidi nikazitafute Kenya. Walisisitiza niende upesi. Niliondoka siku ya soko, na Bi Zaina alivuka nyuma yangu pamoja na wachuuzi, kikapu cha ndizi kichwani, anatembea kama mtu aendaye kuuza ndizi. Kizuizini askari alichukua ndizi mbili, akampisha.

Kabla hatujaondoka nilikuwa nimemsimulia nilichoambiwa na Mama Nekesa. Hakuamini, nadhani, au hakutaka kuamini mpaka aone.

Tulimkuta nyuma ya gereji moja ndogo, amekaa kwenye tairi anakula ugali na samaki. Ndevu amenyoa. Alisimama na tonge mkononi. Baadaye nilipata habari yote kutoka kwake: jinsi Kapteni alivyokuwa akiomba Mungu kwa sauti njia nzima, jinsi kizuizi kilivyoinuliwa na askari waliopiga saluti kwa sare, na jinsi alivyomshusha pale Busia, akamwambia, "Mzee, mafuta yako ni mazuri," akaendelea na safari yake. Hatukumsikia tena. Lakini siku ile hakuna aliyetaka kusikia hayo.

Bi Zaina alitua kikapu chini. Akamkaribia mumewe, akamwangalia kutoka kichwani hadi miguuni. Mzee alikuwa amevaa shati safi la mistari, limepigwa pasi, ambalo sote wawili hatukulijua. Akalishika ukosi kwa vidole viwili.

"Shati hili," akasema, "nani kakufulia?"

Bwana Swalehe, mtu aliyekuwa amenyamaza mbele ya bastola, alianza kujieleza kwa haraka, kwamba ni la mwenye gereji, kwamba mama wa mwenye gereji ni bibi kizee, kwamba alifuliwa mara moja tu. Bi Zaina akaling'ang'ania lile shati kwa mikono yote miwili, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti kubwa, kilio cha siku zote zile kwa pamoja, mpaka watu wa gereji wakatoka kuangalia. Nikawageuza, nikatoka nao nje. Nyuma yangu nilimsikia Bwana Swalehe, yule bahili wa maneno, akisema na kurudia kusema, "Nipo, Zaina. Nipo. Nipo."